Sindano ya mgongo: msimtoroshe mgonjwa

Tabibu akishatamka kuwa mgonjwa atatolewa maji ya uti wa mgongo, utaona wazee wanaitana pembeni ya wodi. Maneno ni yale yale: fulani alichomwa akapooza, mtoto wa fulani alichomwa akafa. Jioni mgonjwa keshatoroshwa.

Wapo kweli waliofariki baada ya kipimo hiki. Lakini mara nyingi kilichowaua ni homa ya uti wa mgongo yenyewe, iliyoachwa siku tatu nyumbani na siku ya nne ikapotea kwa mabishano hospitalini. Homa hiyo ikiletwa na bakteria yaweza kuua ndani ya saa 24, na mtoto aliyenusurika huweza kubaki kiziwi. Dawa ya kwanza huanzishwa mapema, lakini bila ya maji yale tabibu anabahatisha tu kama ni bakteria, kifua kikuu au fangasi, na kila kimoja kina tiba yake.

Ama kuhusu kupooza, uti wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya tatu na ya tano. Maji yanayochukuliwa ni machache, na mwili hutengeneza mengine, kama nusu lita kwa siku. Mwenye damu isiyoganda vizuri au dalili za uvimbe kichwani huchunguzwa kwanza. Ulizeni, ni haki yenu. Lawama nyingine ni ya watoa huduma wanaoleta fomu isainiwe bila kueleza kitu.

Linalosumbua hasa baadaye ni kichwa. Huanza kuuma kwa kawaida ndani ya siku tatu: ukikaa au ukisimama kinazidi, ukilala kinatulia, kwa sababu maji huvuja kupitia tundu la sindano. Wengi hupona ndani ya wiki moja au mbili. Jilaze kinapouma, kunywa maji ya kutosha, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Chai au kahawa huwasaidia baadhi ya watu. Zamani wagonjwa walilazwa chali saa nyingi ili kuzuia maumivu hayo, lakini utafiti umeonyesha kuwa hakuzuii. Kinachopunguza ni sindano nyembamba yenye ncha butu.

Sasa utamkuta mgonjwa wa namna hii anajikokota asimame kuswali, na jamaa wanamsifu kwa imani yake. Fiqhi tuliyosoma madrasa iko wazi: asiyeweza kusimama ataswali amekaa, asiyeweza kukaa ataswali kwa ubavu. Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa anaruhusiwa kula, atalipa akipona. Kwa nini tumnyime ruhusa aliyopewa na Mola wake?

Mgongo kuuma kidogo pale palipochomwa ni kawaida. Lakini mrudisheni hospitali haraka akipata homa mpya, miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, akishindwa kukojoa, akianza kuchanganyikiwa, penye sindano pakitoa usaha au maji, au kichwa kikiendelea kuuma hata akiwa amelala.