Gari Ligonge Barabarani, Stovu Ilipe Mukuru

Fundi anayejiheshimu hafungui injini kwa sababu tu imegonga. Katika gereji za jua kali karibu na mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, ncha ya bisibisi ndefu huwekwa kwenye bloku na mpini sikioni. Mlio mzito unaofuata kasi ya injini, tena unaofifia koili ya silinda moja ikichomolewa, humpeleka moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Hapo mwenye gari ajipange.

Mlio mwembamba, kama kokoto ndani ya mkebe, unaojitokeza gari likipanda mlima na mzigo, una habari nyingine. Petroli na hewa vimejilipua vyenyewe kabla moto wa plagi haujavifikia. Huenda plagi inawasha mapema mno, au injini imechemka. Hata hivyo, swali lisilofaa kurukwa ni hili: mafuta ulitia wapi? Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupoteza uwezo wa kuhimili mgandamizo, na injini ikagonga.

Kenya ilitibu uchakachuaji huo kwa bei. Septemba 2018, mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili mchanganyaji akose faida. Mauzo yake yakaporomoka, na watetezi wa tozo hawakosi kulitaja hilo. Sawa, lakini Mukuru mafuta ya taa ni ya stovu, na hununuliwa kidogo kidogo, ya chai ya leo na ugali wa jioni. Mpishi asiye na gari akabebeshwa ulinzi wa injini za wengine.

Si mara ya kwanza. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli huzima mlio huo wa kugonga. Moshi wake ukawatia sumu hata waendao kwa miguu, na ni Agosti 2021 tu ambapo shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao Gigiri, lilitangaza kwamba petroli hiyo imekwisha kutumika kwenye magari duniani.

Njia ya haki ipo, tena inatumika: mafuta ya taa hutiwa kemikali ya alama, na sampuli hupimwa vituoni. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, iongeze upimaji huo, kituo kinachonaswa kinyang'anywe leseni, na Bunge liifute tozo ya stovu. Dereva naye atunze risiti ya pampu. Gari likianza kugonga wiki ijayo, ataulizwa.