Aliyetolewa bandama apewe kadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya wananchi wenzetu waliotolewa bandama, kiungo ambacho wengine hukiita wengu.

Mwaka 2016 mdogo wangu aligongwa na pikipiki. Bandama ilipasuka, damu ikajaa tumboni, na madaktari wakaitoa ili kuokoa maisha yake. Kwa hilo tunawashukuru. Lakini siku ya kuruhusiwa aliambiwa tu kwamba amepona na asibebe mizigo mizito. Miaka mitatu baadaye, jioni moja, alishikwa na homa na kutetemeka. Tulidhani ni malaria, tukampa vidonge vilivyokuwamo nyumbani, tukangoja kukuche. Kesho yake kabla ya adhuhuri alifariki. Daktari aliyempokea alipoliona kovu la tumboni alituuliza kama hatukuambiwa. Hatukuambiwa.

Bandama huchuja damu na kuangamiza vijidudu, hasa vile vya nimonia na vya homa ya uti wa mgongo. Mtu asiye nayo anaweza kuzidiwa na vijidudu hivyo kwa saa chache tu. Jambo hili si geni. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga 5 waliopatwa na maambukizo makali baada ya kutolewa bandama. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo, lakini haimwachi mtu maisha yake yote.

Kinga zipo. Ziko chanjo za vijidudu hivyo. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, zitolewe angalau wiki 2 kabla. Ukiwa wa ajali, zitolewe kiasi cha wiki 2 baadaye. Watoto, na watu wazima wengi katika miaka ya mwanzo, huandikiwa penisilini ya kumeza kila siku. Wote walale ndani ya chandarua, maana malaria huwa kali zaidi kwao. Wakiumwa na mbwa waende hospitali, hata jeraha likiwa dogo. Zaidi ya yote, homa yoyote kwao ni dharura. Wasingoje kukuche.

Wapo watakaosema kuwa chanjo hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Ni kweli. Lakini kipande cha karatasi si ghali. Mtoto ana kadi yake ya kliniki. Hata pikipiki iliyomgonga mdogo wangu ilikuwa na kadi yake. Yeye hakuwa na kitu.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya iagize kwamba asiruhusiwe mtu kutoka hospitali baada ya kutolewa bandama bila kupewa kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili: "Sina bandama. Nikipata homa nipelekwe hospitali mara moja." Jamaa zake nao waelezwe.

Na wewe msomaji mwenye kovu la tumbo tangu ulipopata ajali, nawe hujui ulitolewa nini, rudi hospitali ukaulize.

Mfiwa,
Morogoro.