Umeme wa upepo na usingizi wa jirani

Tunapozungumzia haki ya jirani, aghalabu tunaitaja sahani ya futari na salamu ya asubuhi. Usingizi wake tunausahau, ilhali nao ni haki.

Mwezi Machi 2024, Mahakama Kuu ya Ireland ilitoa hukumu kuhusu mitambo miwili ya kufua umeme kwa upepo katika kaunti ya Wexford. Ilibainisha kuwa kelele zake, nyakati za jioni na usiku, zilikuwa kero isiyokubalika kisheria kwa wakazi wa karibu. Mapanga ya mtambo yazungukapo, sauti hupanda na kushuka kwa mdundo. Mchana mdundo huo humezwa na shughuli. Usiku, watu wanapotulia, ndio unaosikika.

Hata hivyo, tusitiane hofu. Wizara ya afya ya Kanada ilichunguza zaidi ya watu 1,200 wanaoishi karibu na mitambo hiyo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014 hayakuonesha kwamba kelele hizo huleta maradhi. Yalionesha kuwa kadiri kelele zilivyoongezeka, ndivyo walioudhika walivyokuwa wengi. Na waliopata faida yao binafsi kutokana na mitambo waliudhika kidogo kuliko wengine. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, lilishauri wastani wa kelele hizo usizidi desibeli 45.

Hapo ndipo penye somo. Anayelipwa huvumilia, asiyepata kitu hubaki na mdundo peke yake. Kumwambia kuwa si mgonjwa hakumrudishii usingizi.

Umeme wa upepo ni neema, hautoi moshi wala hauchomi mafuta, na kwa majirani zetu Kenya mitambo ya Ngong na Ziwa Turkana tayari inazunguka. Basi wakija wawekezaji kijijini, wazee wasiulize bei ya ardhi pekee. Waulize: nyumba ya karibu itakuwa umbali gani? Kelele zitapimwa usiku, na nani? Mtambo ukikera, utapunguzwa kasi au kuzimwa saa za kulala? Na jirani asiye na shamba la kukodisha atapata nini? Majibu yaandikwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa, kwani ikishasimama, kuiondoa ni kazi ya mahakama.