Nasaba na Maradhi ya Moyo



Katika milima yetu ya Usambara, kijana aliyeamka mzima akianguka ghafla na kufa, wako watu husema upesi, "Amerogwa." Neno hilo hufunga mlango wa kuuliza, na ndugu zake waliobaki huachwa bila ya kupimwa.

Yako maradhi ya kurithi ambayo huinenepesha misuli ya moyo. Yakadiriwa kuwa katika watu 500 mmoja anayo, na kila mtoto wa mwenye maradhi hayo, wa kiume au wa kike, huweza kuyarithi nusu kwa nusu. Mchezaji mpira Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akafa naye ana miaka 28. Maiti ilipochunguzwa, moyo wake ulionekana na maradhi hayo.

Lakini si kila aliye nayo hufa ghafla; wengi huishi umri mrefu. Kazi ya tabibu ni kupambanua ni nani aliye hatarini. Huuliza: Je, yuko jamaa wa karibu aliyekufa ghafla angali kijana? Je, mgonjwa amepata kuzimia bila ya sababu kujulikana? Kisha huupima ukuta wa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Unene wake ukifika milimita 30, hatari ni kubwa. Tena huchunguza mapigo mchana na usiku, aone kama yaenda mbio ovyo. Hayo huyajumlisha, akakadiria hatari ya miaka 5 ijayo. Aliye hatarini sana huweza kutiwa kifuani kifaa kidogo cha kuushtua moyo urudie mwendo wake. Mtu wa kwanza alitiwa kifaa hicho Marekani, mwaka 1980.

Basi mwaona kwamba maswali yale mawili ya kwanza jawabu lake halimo katika mashine, limo nyumbani. Wazee wanaojua kutaja nasaba yetu, na wataje pia jinsi kila mmoja alivyokufa. Na kijana akizimia apandapo mlima wa Soni na mzigo, msiseme ni njaa tu. Mpelekeni hospitali ya wilaya, Lushoto, mkaeleze yote. Ikihitajiwa, iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Maradhi yakithibitika kwa mmoja, wazazi wake, ndugu zake na watoto wake nao wapimwe, hata kama hawaumwi.

Kila mtu ana siku yake. Lakini kuacha kuuliza si kutawakali.