Mtandao wa shule usiwe wa mwenye nguvu mpishe

Kila tarehe ya mwisho ya kuwasilisha alama za tathmini inapokaribia, kioja hiki hushuhudiwa katika shule nyingi zilizounganishwa na intaneti. Mwalimu ameikodolea macho tarakilishi, nazo alama hazipiti. Wanafunzi katika maabara wanasubiri ukurasa mmoja ufunguke. Papo hapo, katika chumba cha pili, mtu anatazama kandanda kwenye simu yake bila kikwazo.

Aghalabu kilio kinachofuata ni kimoja: tuongezewe kasi! Kilio hicho kina haki, ila hakitoshi. Barabara ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na hadi leo wasafiri wangali wanakwama humo. Njia pana isiyo na utaratibu hujaa vilevile.

Tuitazame hesabu yenyewe. Tuseme shule inalipia megabiti 20 kwa sekunde. Filamu moja yenye picha safi huweza kutumia megabiti 5. Watazamaji wanne tu wanatosha kuimaliza njia yote, na darasa zima likabaki mikono mitupu.

Isitoshe, mtandao usiotumia nyaya una udhaifu wake. Mawimbi ni kama baraza ambamo msemaji ni mmoja kwa wakati mmoja. Simu kuukuu, au iliyo mbali na mtambo, husema polepole na kuishikilia zamu kwa muda mrefu, huku wengine wakingoja.

Kweli, wataalamu wameliwazia jambo hili. Tangu mwaka wa 2005, kanuni za Wi-Fi zina madaraja manne ya kipaumbele: sauti, video, shughuli za kawaida, na zile zinazoweza kusubiri. Hata hivyo, mtambo haujui thamani ya kinachopita. Kwake, video ya somo la biolojia na ya mechi ni video tu. Wala kipaumbele hakiongezi maji kisimani. Huamua tu nani ateke kwanza.

Basi uamuzi huo ni wa nani? Katika shule nyingi umeachiwa fundi, au haukufanywa kabisa. Pasipo uamuzi, sheria inayotawala ni ile ya mwenye nguvu mpishe, na mnyonge katika foleni hiyo ni mwanafunzi asiye na intaneti nyumbani.

Yafaa walimu, pamoja na wawakilishi wa wanafunzi, waketi na kuandika utaratibu. Saa za masomo, maabara na kazi za mitihani zitangulie. Kila simu iwekewe kikomo. Programu zisasishwe usiku. Tarakilishi zisizohamishwa ziunganishwe kwa waya, ili hewa iachiwe vifaa vya mkononi. Kisha utaratibu huo ubandikwe ubaoni, kila mmoja ausome.

Wapo watakaodai kwamba wanafunzi ndio waharibifu, wafungiwe kabisa. Hiyo ni kumnyima mtoto chakula kwa sababu amemwaga mchuzi. Kikomo kinatosha, mradi kiifunge pia simu ya ofisini. Mwanafunzi akiona mwalimu mkuu naye anangoja zamu yake, atakuwa amefunzwa somo la uadilifu lisilohitaji intaneti.