Unene wa Kamba Hautatuzuia Kunyeshewa

Kamati ya klabu yetu ya matembezi imependekeza tununue kamba za manila za milimita 10 kwa ajili ya maturubai ya safari ya Uluguru, roli nzima, na kila mshiriki achangie. Sababu iliyotolewa ni moja tu: nene ndiyo imara. Naomba kupinga, tena mapema kabla bumu halijaingia, maana likishaingia hakuna anayemsikiliza mtu.

Tuanze na hesabu, nasomea ualimu wa fizikia, mtanivumilia. Unene wa kamba ukiongezeka mara mbili, eneo la mkato wake linakuwa mara nne. Kwa hiyo kamba ya milimita 10 haiizidi ya milimita 3 mara tatu. Kama zote ni za mali moja, inaizidi uzito zaidi ya mara 11. Huo mzigo nani ataupandisha mlimani? Si mwenyekiti. Watapewa wa mwaka wa kwanza, kama kawaida.

Na turubai lenyewe linavuta kiasi gani? Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukilipiga uso kwa uso unasukuma takribani kilo 12 kwa kila mita ya mraba. Turubai la mita 3 kwa 3 linapata kama kilo 108, na hizo zinagawanywa kwenye kamba sita au zaidi. Mgawanyo hauwi sawa, basi tuseme kona moja inavuta kilo 40. Kamba nzuri ya poliesta iliyosukwa, ya milimita 3, inahimili zaidi ya kilo 100. Toa nusu kwa sababu ya fundo (ndiyo, fundo huipunguzia kamba nguvu), bado inatosha. Kabla haijakatika, kigingi kitakuwa kimeshang'oka au tundu la turubai limeshachanika.

Kinachotunyeshea ni kulegea. Nailoni ikilowa inavutika: unalala turubai limekaza, saa nane usiku limeshuka tumbo na maji yamejaa katikati. Katani kinyume chake, ikilowa inavimba na kufupika, inang'oa vigingi, ikikauka inalegea. Najua wapo wanaosema tuwaunge mkono wakulima wa Tanga. Mkonge naupenda, ila si kwenye turubai. Na hizo manila za madukani nyingi ni plastiki inayoteleza, unafunga fundo jioni, asubuhi limejifungua. Poliesta haivutiki sana ikilowa, na fundo lake linashika.

Msikimbilie uzi sasa. Chini ya milimita 2 kamba inakata vidole, fundo likilowa halifunguki mpaka kisu, na usiku haionekani. Mtu anatoka kujisaidia, anajikwaa, turubai zima linamwangukia.

Kinachonitia hofu hasa ni kitu kingine. Siku hizi wenzetu kadhaa wanalala kwenye machela, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, turubai likiwa juu yake. Kamati inataka roli hilohilo la manila lifanye kazi zote mbili. Jamani! Kamba ya turubai inashindana na upepo, kamba ya machela inabeba mtu. Mtu wa kilo 60 akiifunga machela yake kamba ziiname nyuzi 30 kutoka usawa, kila upande unavuta kilo 60. Akiikaza mpaka nyuzi 10, eti kitanda kinyooke, kila upande unavuta kama kilo 173. Na yote hayo yanategemea fundo linaloteleza, kwenye mteremko wenye mawe. Hapo sibani hata senti: inunuliwe mikanda mipana iliyoandikwa uzito inaohimili, ambayo pia haichubui gome la mti.

Kwa kikao cha Alhamisi ombi langu ni hili. Poliesta ya milimita 3 kwa maturubai, rangi kali ili imulike kwenye tochi, na zinunuliwe mita tunazohitaji, si roli. Fedha inayobaki iende kwenye mikanda ya machela. Halafu mchango uhesabiwe upya, kwa sababu chumbani kwetu peke yake wawili wameshajitoa safari.