Wimbi Ni Wetu, Tuutetee kwa Mbegu

KAULI YA MLIMANI
Na Mwenda Njeru

Hadithi ya kwamba Marco Polo ndiye aliyewapelekea Waitalia tambi kutoka China imerudiwa mno hata watu wazima wanaisimulia kama historia. Si kweli. Polo alirejea Venice mwaka 1295. Mwaka 1279, mwandishi wa hati mjini Genoa alikuwa tayari ameorodhesha mali ya mwanajeshi mmoja, na ndani ya orodha hiyo mna kikapu kilichojaa makaroni. Nyuma zaidi, mwaka 1154, Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyemtumikia Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kwamba Trabia, karibu na Palermo, palitengenezwa tambi kavu kwa wingi, zikapakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Kisa cha Polo kilivumishwa mwaka 1929 na jarida la watengenezaji makaroni wa Marekani, watu waliokuwa na bidhaa ya kuuza.

Wachina nao wana ushahidi wao, tena mzito. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha habari za bakuli lililofukuliwa Lajia, kwenye kingo za Mto Huang He, likiwa limepinduka chini ya mita tatu za udongo wa mafuriko. Ndani yake mlikuwa na tambi za manjano, ndefu kama nusu mita, zenye umri wa miaka 4,000 hivi. Hazikuwa za ngano. Watafiti walisema zilitengenezwa kwa unga wa nafaka ndogondogo, ndugu wa haya mawele yanayolimwa Tharaka na Mbeere. Wapo waliopinga, wakisema unga wa nafaka hizo hauna mnato wa kuvutika uwe uzi. Timu ile ikajibu kwamba unga ukipashwa moto kwanza, kisha ukakamuliwa kwenye vitundu, uzi unatoka. Mimi naona Wachina na watu wa Bahari ya Kati waligundua tambi kila mmoja kwake. Lakini linalonigusa ni namna wanavyobishana: huyu analeta hati, yule kitabu, mwingine bakuli lenye tope. Hakuna anayekuja mikono mitupu.

Sisi wa Meru, Embu na Tharaka Nithi tuna kesi inayotuhusu zaidi ya hiyo, na hatujaishughulikia. Ni kesi ya wimbi, ule tunaouita ugimbi, uliokuwa uji wa mama aliyejifungua na pombe ya wazee kabla mahindi hayajatawala mashamba yetu. Kwao ni wapi?

Katika karne ya 19, Alphonse de Candolle wa Uswisi, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya asili ya mimea inayolimwa, aliuhesabu wimbi kuwa mmea wa India. Mrusi Nikolai Vavilov akaupeleka Ethiopia. Ubishi ulidumu hadi mwaka 1976, Khidir Hilu na Jan de Wet walipochapisha utafiti uliouegemeza upande wa Afrika, kwenye nyanda za juu kutoka Ethiopia hadi Uganda. Hoja yao ni rahisi kueleweka na mkulima yeyote. Mmea wa shambani una mzazi wake wa porini, na mzazi wa wimbi huota hapa kwetu, si India. Wahindi walikuwa wakitaja punje za kale sana zilizochimbuliwa kwao, lakini Dorian Fuller, mtaalamu wa mimea ya kale, alipozipitia upya aligundua kwamba nyingi ni za majani mengine kabisa. Wimbi ulivuka bahari kutoka Afrika.

Huyo mzazi wa porini twamfahamu, ingawa hatumtaji kwa heshima. Mwulize mama yeyote aliyepalilia wimbi kinachomtesa. Atakuambia kuna magugu yanayofanana na wimbi wenyewe, jani kwa jani, hata usiweze kuyatenga mpaka masuke yatoke, na wakati huo yamekwisha kula mbolea na maji ya mwenzake. Kazi hiyo ya kuinama na kukagua shina moja moja, pamoja na kufukuza ndege na kupura kwa mikono, ndiyo iliyowafanya wengi wauache. Siwalaumu. Lakini miongoni mwa magugu hayo yumo ndugu wa porini wa wimbi. Anayeyang'oa amekishika mkononi kielelezo ambacho India haikuwa nacho.

Wameru hawahitaji kufundishwa thamani ya kumbukumbu ya asili. Wazee wamehifadhi kisa cha kutoka Mbwaa, kile kisiwa cha utumwani, na kuvuka maji usiku, vizazi kwa vizazi bila karatasi. Wasomi wanabishana hadi leo kama Mbwaa ni Manda karibu na Lamu au ni kwingineko. Kisa kimedumu kwa sababu mtu alikisimulia na mwingine akakishika. Mbegu nazo zilikuwa na majina na sifa zake: ya kukomaa mapema, ya kuvumilia ukame, ya pombe, ya uji wa mtoto. Majina hayo yanazikwa na kina cucu zetu kila mwaka, wala hakuna anayeyaandika.

Tazama India ilivyoukuza wimbi. Ndiyo inayoongoza duniani kwa kuulima, na jimbo la Karnataka linaula kila siku. Ni serikali ya India iliyopeleka hoja Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 ukatangazwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogondogo. Katika maduka yao kuna tambi za wimbi, zimekaushwa na kufungwa vizuri. Nawapongeza, wamefanya kazi. Nafaka hii ina takriban miligramu 340 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiasi ambacho mahindi, mchele na ngano havikaribii.

Kwetu, kituo cha utafiti cha Embu kiliwapa wakulima mahindi chotara ya mfululizo wa 500, na jina la H511 linajulikana na kila mzee mwenye shamba. Wimbi haukupata bidii ya namna hiyo. Timau tunalima ngano, ila sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huja kwa meli, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilituonyesha gharama yake. Mwanafunzi wa Chuka au wa Chuo Kikuu cha Embu anakula tambi za dakika mbili za unga wa ngano. Wimbi wenyewe mwingi unaouzwa nchini umevuka mpaka kutoka Uganda na Tanzania.

Haya si mambo ya kungoja Nairobi. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, shule za chekechea ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti zetu tatu zikiagiza wimbi kwa uji wa watoto na kuununua kwa wakulima wa hapa, soko litakuwapo, na penye soko watu watapalilia. Kituo hicho cha Embu, kilicho chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kitafute mashine ndogo za kupanda kwa mistari na kupura, maana mgongo wa mama ndio uliolibeba zao hili na umechoka. Vyuo vyetu vikuu viwatume wanafunzi Marimanti, Kiritiri na Igembe wakayaandike majina ya mbegu kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Na wenye viwanda vidogo vya unga wajaribu tambi za wimbi, kwa kuwa India wanazitengeneza na Lajia walikamua za nafaka ndogo kabla ya Italia kuwa na jina.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kibuyu au mkebe wenye wimbi wa kale, usiusage wote. Panda kiasi mvua za Oktoba zikija, umgawie jirani, na kiganja kimoja ukipeleke KALRO Embu, uwaombe wakifikishe kwenye benki ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga. Andika pamoja nacho jina la mbegu, kijiji ilikotoka, na jina la aliyekuachia.